Wametoka majini, lakini hawajatoka kwenye radi

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, wa miaka 8 na 11, na siku ambazo kocha hayupo mimi ndiye ninayewasimamia watoto wa klabu yetu ya kuogelea. Bwawa letu ni la wazi. Jumamosi iliyopita tulisikia ngurumo mbali sana, juu yetu jua linawaka, hata tone la mvua hakuna. Mlinzi wa bwawa akapiga filimbi, akawatoa watu wote majini, akasema hakuna kurudi mpaka ipite nusu saa bila ngurumo. Wazazi walilalamika, na mimi nilikuwa mmoja wao. Tukawaacha watoto wakae ukingoni chini ya kibanda cha kivuli, miguu ikiwa majini. Baadaye radi moja ilipiga kwa nguvu, na binti yangu mkubwa, ambaye alikuwa ameshika ngazi ya chuma, akasema mkono umemwasha kama sisimizi wanatembea ndani. Sasa ni mzima, anacheza. Nauliza: ilikuwa lazima kuwatoa? Ni kweli maji yenye dawa yanavuta radi? Nusu saa si nyingi mno? Na tukihamia bwawa la ndani ya jengo, tutakuwa tumemaliza tatizo?"

Marahaba, mama. Nitayajibu yote, lakini kilichonifanya niache kazi nyingine nikae kuandika ni kile ulichokitaja kwa kupita tu: mkono wa binti yako.

Mpeleke akaonwe na daktari leo, hata kama muda huu anaruka kamba. Eleza kisa kizima: alikuwa amekaa ukingoni, miguu majini, kiganja kwenye chuma, radi ikapiga, mkono ukawasha. Daktari atasikiliza moyo, huenda akampima kwa kile kipimo cha kuchora mapigo yake, na atatazama ngoma za masikio, macho, ngozi ya kiganja na ya nyayo. Natarajia atamkuta mzima, kwa sababu umeme mdogo unaopita mara moja na kuisha mara nyingi hauachi kitu. Hata hivyo moyo huendeshwa na umeme wake wenyewe, na kama ulitikiswa ni heri ijulikane kwa kipimo kuliko kwa kusubiri. Siku zijazo ukiona anasahau mambo, analalamika kichwa, masikio yanavuma, macho hayaoni vizuri au mkono unakufa ganzi, mrudishe hospitali bila kungoja.

La pili linahusu ile ngazi. Kuna njia mbili za kuieleza ile hali ya kuwashwa. Ya kwanza ni kwamba radi ilipiga ardhi mahali fulani na sehemu ndogo ya mkondo wake ikapita kwenye ngazi. Ya pili ni kwamba umeme wa kawaida wa pampu au wa taa za majini unavuja, ngazi ina volti kila siku, na binti yako akauhisi siku hiyo kwa sababu alikaa vile alivyokaa. Kelele ya radi ikaja wakati huohuo, mkaipa lawama yote. Hii ya pili inanitisha zaidi, maana haiondoki wingu linapoondoka. Asiingie mtu yeyote majini mpaka fundi umeme mwenye leseni apime volti kati ya ngazi, maji na sakafu, pampu ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa, taa vilevile. Akague waya wa ethi, yaani ule unaoupeleka umeme ardhini, na kile kikatizi kinachozima umeme unapovuja. Asiridhike kwa kutazama, na mtu asijaribu kwa mkono.

Sasa tuje kwenye radi yenyewe.

Ndani ya wingu la mvua ya radi, juu kule kwenye baridi kali, punje nzito za barafu zinazoanguka hugongana na chembe ndogo za barafu zinazopandishwa na upepo. Kila mgongano unahamisha chaji kidogo. Migongano ikizidi kuwa mingi, tumbo la wingu linajaa chaji hasi na kichwa chake chaji chanya. Hewa haipitishi umeme kirahisi, kwa hiyo chaji hurundikana mpaka hewa inashindwa kuizuia. Hapo unaanza kushuka utepe wa umeme, mwembamba, usioonekana kwa macho, kwa vipande vya mita kama 50 hivi: unashuka, unatulia kufumba na kufumbua, unashuka tena. Ukikaribia ardhi, vitu vya chini vinaanza kuujibu. Kutoka ncha ya mti, mlingoti wa taa, pembe ya paa, hata kichwa cha mtu, vinapanda vitepe vidogo kwenda juu. Kimoja kikikutana na ule unaoshuka, njia imekamilika, na mkondo wa ampea 30,000 hivi unapita humo. Hewa ya ndani ya njia ile hufika nyuzi joto karibu 30,000 za Selsiasi, mara tano ya joto la uso wa jua. Inatanuka kwa kishindo, na hicho kishindo ndicho ngurumo.

Jibu la swali lako la dawa limo humo. Utepe ule ukiwa bado juu haujui kama chini kuna maji ya klorini, maji ya chumvi au saruji tupu. Mpaka ubakize makumi ya mita ndipo vitu vya chini vinapohesabika, na hapo kinachoamua ni kipi kimeinuka, kipi kina ncha na kipi kimesimama peke yake. Maji hayaiti radi. Dawa ya bwawa haiongezi wala haipunguzi uwezekano wa radi kupiga pale. Kazi ya dawa inaanza radi ikishapiga: maji safi kabisa karibu hayapitishi umeme, lakini klorini, chumvi na hata jasho la waogeleaji huyafanya yapitishe. Maji ya bahari hupitisha mara nyingi zaidi ya hayo ya bwawa.

Najua mtu atasema: kama ni hivyo, bwawani kuna milingoti, mapaa na miti, vyote virefu kuliko kichwa cha mtoto anayeelea. Radi itapiga huko. Ni kweli, itapiga huko. Lakini ampea 30,000 zikishapiga mlingoti haziishii kwenye mlingoti. Zinaingia ardhini na kutawanyika pande zote, na watu wengi hawafiki hapa katika kufikiri kwao. Tunaiwaza radi kama mkuki unaoshuka wima na kumchoma mtu kichwani. Waliopigwa moja kwa moja namna hiyo ni wachache sana kati ya wote wanaoumizwa na radi. Karibu nusu yao huumizwa na umeme unaosambaa ardhini, wakiwa wamesimama mahali ambapo radi haikugusa.

Nikuonyeshe kwa hesabu ya darasani. Chukua udongo wenye ukinzani, yaani uwezo wa kuzuia umeme, wa omu-mita 100, jambo la kawaida tu, na radi ya ampea 30,000 ipige mti. Ukiwa mita 10 kutoka kwenye shina, kila mita moja ya ardhi ina tofauti ya volti karibu 4,800. Aliyepanua miguu nusu mita amesimama juu ya volti 2,400. Umeme unapanda mguu mmoja na kushuka mwingine, na mti uko kule, mita 10 nzima.

Agosti 2016, kwenye uwanda wa Hardangervidda nchini Norwei, kulungu 323 wa nchi za baridi walikutwa wamekufa, wamelaliana mahali pamoja, baada ya mvua ya radi. Radi haiwapigi wanyama 323 mmoja mmoja. Umeme ulipita ardhini chini yao. Mnyama wa miguu minne ana bahati mbaya ya umbo: miguu ya mbele iko mbali na ya nyuma, kwa hiyo tofauti ya volti ni kubwa, na moyo uko katikati ya njia.

Sasa mtazame mtoto anayeogelea. Amelala kifudifudi, mikono mbele, miguu nyuma, mwili wote umenyooka. Amekuwa kama yule kulungu. Niseme ukweli, kwa kuwa maji ya bwawa hupitisha umeme vizuri kuliko udongo, tofauti ya volti kwa kila mita majini ni ndogo kuliko niliyoipiga hapo juu. Lakini mwili wake ni mrefu, ngozi iliyolowa imepoteza ukinzani wake, na ndani ya mwili kuna damu na maji ya chumvi. Umeme unaopita bwawani ukimkuta, sehemu yake itapita ndani yake, kifua kikiwemo.

Lipo pia jambo ambalo, kwangu mimi, peke yake linatosha kufunga bwawa. Katika kila watu kumi wanaopigwa na radi, takriban tisa hupona. Ni habari njema, ila ni habari ya nchi kavu. Mtu aliyepigwa anaweza kupoteza fahamu kwa dakika chache, au miguu ikapooza kwa muda, ikawa ya baridi na isiyo na nguvu, kisha ikarudi yenyewe baada ya dakika kadhaa au saa kadhaa. Nchi kavu ataanguka na kukaa chini. Majini atazama. Mshtuko ambao usingemuua mtu akiwa uwanjani unamuua bwawani kwa sababu ya maji, na wakati huohuo wanaopaswa kumwokoa wanajua kwamba radi nyingine inaweza kupiga. Tarehe 27 Julai 2014, kwenye ufukwe wa Venice Beach huko California, radi moja iliumiza watu zaidi ya kumi, wengine majini, wengine mchangani, na kijana mmoja aliyekuwa majini akafariki. California ni sehemu ambayo radi haipigi mara kwa mara, na watu hawakuwa wameizoea.

Ndiyo maana, mama, mlinzi wenu alifanya sawa kupiga filimbi. Kosa lilikuwa pale mlipoishia. Watoto walitoka majini, lakini hawakutoka kwenye radi. Kukaa ukingoni miguu ikiwa majini, makalio kwenye vigae vilivyolowa, mkono kwenye ngazi, ni kugusa vitu vitatu tofauti, na radi ikipiga karibu kila kimoja kitakuwa na volti yake. Mwili wa mtoto ndio unaoviunganisha. Kama ningelazimika kuchagua kati ya mtoto aliye katikati ya bwawa na aliyekaa vile, nisingejua yupi nimwonee huruma zaidi.

Niliwahi kuitwa kukagua bwawa asubuhi moja baada ya radi kupiga mlingoti wa taa uliokuwa hatua sita hivi kutoka majini. Mlingoti wenyewe ulikuwa mzima, umebabuka rangi tu juu. Chini ndiko kulikokuwa na habari. Saruji ya kwenye maungio ya vigae ilikuwa imeruka kwa mstari mmoja mwembamba, kutoka kitako cha mlingoti mpaka mguu wa ngazi ya chuma, kama mtu aliyepitisha patasi. Maji yaliyokuwa yamenywewa na ile saruji yaligeuka mvuke ghafla yakaipasua. Vigae vitatu vilikuwa vimenyanyuka, ukivikanyaga vinalia. Kando ya mstari ule palikuwa na ndala ya mtoto, ya bluu, imelala kifudifudi, haina hata alama ya moto. Mwenye ndala alikuwa ndani ya jengo wakati radi inapiga, kwa sababu mlinzi alikataa katakata watu kusubiri ukingoni, na alikataa pia warudi kuchukua vitu vyao. Nilipiga magoti pale nikaupima ule mstari kwa utepe, na tangu siku hiyo sijawahi tena kusema "tokeni majini" nikaishia hapo. Nasema tokeni bwawani, ingieni ndani.

Ndani ni wapi? Kibanda cha kivuli si ndani. Kimejengwa kuzuia jua na mvua, hakina kuta, hakina mabomba wala nyaya za kuupeleka umeme ardhini, na mara nyingi ndicho kitu kirefu kuliko vingine pale. Mwavuli na mti ni hivyohivyo. Ndani ni jengo lenye kuta, paa, mabomba na nyaya za umeme, ambalo radi ikilipiga, mkondo unafuata nyaya na mabomba kwenda ardhini. Kwa sababu hiyohiyo, ukiwa humo kaa mbali na hizo nyaya na mabomba. Watoto wasioge bombani wala wasinawe mpaka hali itulie, hata kama wamejaa klorini na wanajikuna. Mabomba ya plastiki hupunguza hatari, hayaifuti. Wasiegemee ukuta wa zege, maana ndani yake kuna nondo, na wasishike kifaa kilichochomekwa kwenye soketi. Simu ya mkononi isiyo kwenye chaja haina shida, wala haivuti radi, waacheni waitumie.

Kama jengo hakuna, gari la bati lenye paa gumu linafaa, vioo vikiwa vimepandishwa na mikono ikiwa mapajani. Wengi hudhani matairi ya mpira ndiyo yanayokinga. Radi imeruka kilomita kadhaa za hewa, haiwezi kuzuiwa na sentimita chache za mpira, na kwa sababu hiyohiyo ndala na viatu vya raba havimsaidii mtu. Kinachokinga ni bodi ya chuma, ambayo huupitisha mkondo nje ya waliomo mpaka ardhini. Gari la turubai, pikipiki na bajaji havina kinga hiyo.

Kuhusu jua kuwaka juu yenu: radi inaweza kutoka ubavuni mwa wingu, ikasafiri kwenye anga safi na kupiga kilomita 16 au zaidi kutoka mvua inakonyesha. Ngurumo kwa kawaida husikika mpaka kilomita 15 hivi. Linganisha hizo namba mbili. Maana yake ni kwamba ukishaisikia, umeshaingia kwenye eneo ambalo radi ya wingu lile inaweza kulifikia. Hakuna cha kupima zaidi ya hapo. Watu hupenda kuhesabu sekunde kati ya mwako na mlio, na hesabu yenyewe ni sahihi: sauti huenda mita kama 340 kwa sekunde, kwa hiyo kila sekunde 3 ni kilomita 1, na sekunde 30 ni kilomita 10. Lakini hesabu hiyo inakuambia radi iliyopita ilipiga wapi. Haisemi inayofuata itapiga wapi, na wingu moja linaweza kupiga mara mbili mfululizo mahali palipoachana kilomita 10. Tena wingu linatembea. Likienda kilomita 40 kwa saa, kilomita 10 hizo linazimaliza kwa dakika 15. Ukitoa muda wa kuwakusanya watoto, kuwahesabu na kuwaingiza ndani, umebaki na kidogo sana. Tumia hesabu kujifunza au kuwafundisha watoto fizikia wakiwa ndani, ila isiwe ruhusa ya kuendelea kuogelea.

Nusu saa je? Naelewa uchungu wake. Watoto wanalia, muda wa bwawa umelipiwa, mbingu zimeshafunguka na vigae vimeanza kukauka. Lakini mkia wa wingu la radi hubaki na chaji baada ya mvua kupungua, na huko nyuma ndiko kunakotoka zile radi za mwisho, moja hapa, moja pale, zikiachana kwa dakika nyingi. Watu wengi hupigwa kabla mvua haijaanza au baada ya kupungua, wakati ambao kila mtu anajiona yuko salama. Dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho ni muda ambao uzoefu umeonyesha unatosha wingu kusogea mbali au kufa. Kila ngurumo mpya inaanzisha hesabu upya, na hapo hakuna kujadiliana. Mlinzi aandike saa ya ngurumo ya mwisho kwa chaki mahali wazazi wanapoiona. Nimeona manung'uniko yakipungua sana watu wanapoweza kuhesabu wenyewe.

Kinga ya radi juu ya paa, ile fito ambayo Benjamin Franklin aliitangaza katikati ya karne ya 18, nayo watu huielewa vibaya. Kazi yake ni kulinda jengo lisiungue na lisipasuke, kwa kuupa mkondo njia ya kushuka ardhini. Haiiondoi radi. Mkondo unashuka kwenye waya wake na kuingia ardhini pale waya unapozikwa, na kama ni karibu na bwawa, basi umeletwa karibu na bwawa. Watu wakae mita 3 au zaidi kutoka kwenye waya huo. Vivyo hivyo kuunganisha ngazi, nondo, taa na pampu kwa waya wa shaba ni jambo zuri na la lazima kwa ajili ya umeme unaovuja, ila halikufanywa ili watu waogelee radi ikipiga. Na kikatizi cha umeme huhitaji sehemu ndogo ya sekunde kuzima, ilhali radi imeshapita zamani. Kuna pia anayejifariji kwamba bwawa lenu lilishawahi kupigwa, kwa hiyo zamu yake imepita. Jengo la Empire State mjini New York hupigwa mara 20 na zaidi kwa mwaka.

Swali lako la bwawa la ndani ni gumu kuliko yote, na hapa wataalamu wenyewe hawakubaliani. Wako wanaosema lifungwe kama la nje, kwa hoja kwamba pampu, taa, mabomba na nondo vimeunganishwa na dunia ya nje, na radi inaweza kuingia kwa njia hizo. Wako wanaojibu kwamba jengo lililojengwa vizuri, lenye ethi iliyokaguliwa na nondo zilizounganishwa, linaupitisha mkondo pembeni ya bwawa, na kwamba kuwatoa watu majini kisha kuwapeleka kwenye mabomba ya kuogea si kuwaokoa. Mimi naona hivi: bwawa la ndani ni salama zaidi, na tofauti yake na la nje ni kubwa. Lakini neno "lililojengwa vizuri" limebeba mzigo wote. Kama mwenye jengo anaweza kukuonyesha ripoti ya mhandisi ya karibuni kuhusu kinga ya radi na ethi, nitawaachia watoto wangu waogelee humo. Kama anababaika, nitawatoa radi ikikaribia, wakae kwenye chumba kikavu mbali na maji, hata kama wengine watabaki. Kuhama hakumalizi tatizo mpaka uulize swali hilo.

Ikitokea mtu amepigwa, jambo la kwanza ujue ni kwamba mwili wake haubaki na umeme. Mguse. Maji nayo hayabaki na umeme. Radi nzima huisha ndani ya muda unaokaribia sekunde moja au chini. Hatari iliyobaki ni radi inayofuata, kwa hiyo mtoe kwa haraka, na kama unaweza kumfikia kwa boya au kamba bila kuingia majini, fanya hivyo. Agiza mtu apige simu ya dharura. Kama hapumui, anza kwa kumpulizia pumzi, kisha bana kifua katikati, sentimita 5 hadi 6 kwenda chini kwa mtu mzima na karibu theluthi ya kina cha kifua kwa mtoto, mara 100 hadi 120 kwa dakika: mibano 30, pumzi 2, bila kuacha. Pumzi zina umuhimu wa pekee hapa. Radi huweza kusimamisha moyo na kupumua kwa pamoja. Moyo mara nyingi huanza wenyewe, lakini sehemu ya ubongo inayoamrisha kupumua huchelewa kuamka, na moyo ule ukikosa hewa unasimama mara ya pili. Ukimpumulia muda huo, unaweza kumrudisha mtu ambaye wote waliozunguka wameshamhesabu amekufa. Ndiyo maana wakipigwa wengi kwa pamoja, wahi wale waliolala kimya. Wanaolia na kulalamika wanapumua. Mashine ya kushtua moyo kama ipo, msogeze kutoka kwenye dimbwi, futa kifua kikauke, uitumie. Kila aliyehisi umeme, hata kidogo, aende hospitali, na mjamzito asisubiri hata dalili moja.

Kwa klabu yenu naomba jambo moja lifanyike kabla ya Jumamosi ijayo, na ni la dakika chache tu. Pimeni kwa saa inachukua muda gani kuwatoa watoto wote bwawani, kuwahesabu, na kufunga mlango wa jengo wakiwa ndani. Fanyeni siku ya jua, kwa filimbi, bila kuwaambia watoto mapema. Mtu mmoja apewe kazi ya kutazama anga na kusikiliza, asiwe yule anayewafundisha, kwa sababu anayefundisha macho yake yako majini na masikio yake yamejaa kelele za watoto. Taulo, miwani na ndala vibaki vilipo. Mkikuta inachukua dakika saba, basi filimbi lazima ipigwe wingu likianza kujenga minara, kabla hata ngurumo haijasikika.

Ila hilo lifanyike nje ya maji, na maji yabaki yamefungwa mpaka ile ngazi ipimwe. Fundi akimaliza niandikie alikuta volti ngapi kati ya ngazi na maji, pampu ikiwa imewashwa. Na niambie daktari amesemaje kuhusu binti.